Uzi Unaojikunja: Jinsi Nuru Inavyotambua Kifua Kikuu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, wilaya za Kakonko, Kibondo na Kasulu

(Haya ni maneno ya somo kama yalivyosomwa redioni. Mwalimu awe na vitu hivi tayari: nyuzi mbili za kamba ya mgomba au za katani, bilauri moja ya maji, chai kidogo, na rula.)

Keti karibu na redio, na kama una karatasi ya somo mkononi, fuata kwa kidole. Maneno magumu yatakuwapo, lakini si mengi, na kila moja nitalieleza litakapotokea mara ya kwanza.

Leo tutazungumza juu ya kitu kidogo mno, ambacho umbo lake halionekani hata kwa darubini ya hospitali. Tutauliza maswali mawili. Kitu hicho kina umbo gani? Na je, ni kigumu kama ufito, au ni chepesi kujipinda kama uzi? Mabingwa walipata majibu kwa kutumia nuru. Elimu hiyo ya kupima vitu kwa nuru huitwa spektroskopia.

Huenda ukasema moyoni, "Mimi ni mkulima wa mihogo na maharage, mambo hayo yananihusu nini?" Yanakuhusu. Siku hizi mtu akikohoa kwa muda mrefu, na makohozi yake yakapelekwa katika mashine mpya ya kupima kifua kikuu, mashine ile haitafuti kijidudu kwa kukitazama. Inatazama uzi mdogo sana kama umejikunja au umenyooka. Kwa habari hiyo moja mganga anajua kama ni kifua kikuu, na tena kama dawa itafanya kazi au haitafanya.

Tuanze na shida yenyewe. Kijidudu cha kifua kikuu kilitangazwa na Mjerumani Robert Koch tarehe 24 Machi 1882. Tangu siku hizo njia ya kukitafuta ilikuwa kupaka makohozi juu ya kioo, kuyatia rangi, na kuyachungulia kwa darubini. Ni njia nzuri, ya bei ndogo, na imeokoa watu wengi. Lakini ina kasoro mbili. Kwanza, katika mililita moja ya makohozi, ambayo ni matone kama ishirini, lazima viwemo vijidudu 5,000 hadi 10,000 ndipo mpimaji avione. Vikiwa pungufu ya hapo, mgonjwa huambiwa hana kitu, naye hurudi nyumbani akikohoa pamoja na watoto wake.

Pili, na hili ndilo baya zaidi, darubini haiwezi kukuambia kama kijidudu ni mtiifu au ni sugu. Kijidudu mtiifu hufa kwa dawa. Kijidudu sugu kimezoea dawa, nacho huendelea kuishi. Kwa darubini vyote viwili ni vijiti vyekundu vilivyo sawasawa. Zamani, kujua tofauti yake kulitaka kuviotesha maabara kama mtu anavyootesha miche, na kijidudu hiki ni mvivu kukua: hugawanyika mara moja tu kwa saa 20 hivi. Majuma yalipita, pengine miezi. Muda wote huo mgonjwa alikuwa akimeza vidonge visivyomsaidia, na huku akiwaambukiza wenziwe.

Sasa tuingie ndani ya kijidudu.

Kila kiumbe chenye uhai, ukichukua mtu, mbuzi, mgomba, hata kijidudu, kina ndani yake uzi mrefu mwembamba ulioandikwa maagizo ya maisha yake. Uzi huo huitwa DNA. Tamka pamoja nami: di-en-ei. Maagizo yake yameandikwa kwa herufi nne tu, nazo ni A, T, G na C. Usidharau uchache wa herufi hizo. Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani unajua jinsi herufi chache zinavyoweza kuandika barua, sheria na hati ya shamba. Uzi wa kijidudu cha kifua kikuu una herufi zipatazo milioni 4.4, na mabingwa walimaliza kuzisoma na kuzichapisha zote mwaka 1998.

DNA ina nyuzi mbili zilizosokotana. Kati yake kuna vipago, kama vipago vya ngazi, na kila kipago kimefanywa kwa herufi mbili zilizoshikana: A hushika T, na G hushika C, wala haziachi desturi hiyo ila kwa nadra. Umbo hilo la ngazi iliyosokotwa lilitangazwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick wa Cambridge, Uingereza. Walitegemea sana picha za eksirei zilizopigwa London na Rosalind Franklin na wenziwe. Bibi Franklin aligundua jambo ambalo naliona zuri kuliko mengi katika habari hii: uzi ule ukikauka huwa mfupi na mnene, na ukipata unyevu hurefuka na kubadili umbo. Kwa hiyo tangu mwanzo ilijulikana kwamba DNA si kama chuma. Hujigeuza kufuata mahali ilipo.

Yuko na ndugu yake, RNA. Tamka: ar-en-ei. Huyu kwa kawaida ana uzi mmoja tu, na mahali pa T ana herufi U. Kazi yake moja kubwa ni kunakili maagizo ya DNA na kuyapeleka mahali yanapotendwa, kama tarishi apelekavyo barua. Kwa kuwa uzi wake ni mmoja, RNA hujikunja yenyewe. Umewahi kusokota kamba kupita kiasi? Ukiilegeza kidogo hujiviringa na kufanya vifundo. RNA hufanya mfano wa hayo, lakini si ovyo: herufi zake hutafuta wenzi wao katika uzi ule ule na kushikana nao, basi likatokea umbo lenye kazi maalumu.

Hapa ndipo dawa inapoingia. Rifampisini, ile dawa ya kifua kikuu inayogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, hukiua kijidudu kwa kukizuia kutengeneza RNA. Humganda yule mfanyakazi anayenakili, na RNA inakwama ikiwa na herufi mbili au tatu tu. Kijidudu kisichoweza kunakili maagizo yake hufa. Lakini mfanyakazi yule naye ameandikwa katika DNA. Herufi moja ikibadilika mahali maalumu, umbo la mfanyakazi hubadilika kidogo, na dawa haipati tena mahali pa kushika. Karibu mabadiliko yote ya namna hiyo hutokea katika kipande kifupi chenye herufi 81. Kati ya herufi milioni 4.4, basi, swali la uzima na mauti ya mgonjwa mara nyingi limo katika herufi 81. Shika hesabu hiyo, tutairudia.

(Hapa redio itanyamaza kwa dakika tano. Mwalimu awape wanafunzi nyuzi za kamba.)

Chukua uzi mmoja wa kamba ya mgomba, mwembamba. Ushike kwa ncha moja. Unaanguka na kulegea. Sasa chukua nyuzi mbili uzisokote vizuri, kisha ushike tena kwa ncha. Safari hii kamba inasimama kidogo kabla ya kupinda. Ndivyo zilivyo nyuzi tunazosema leo. DNA ya nyuzi mbili ni ngumu kiasi, na uzi mmoja ni mwepesi kujikunja.

Ngumu kiasi gani? Shika rula. Alama zile ndogo kabisa zinapimana milimita moja. Igawe milimita moja katika vipande milioni moja vilivyo sawa. Kipande kimoja huitwa nanomita. Unene wa DNA ni nanomita 2. Ukiifuata kwa urefu, huenda karibu imenyooka kwa nanomita 50 hivi, yaani vipago 150, kabla haijasahau ilikokuwa ikielekea na kupinda. Lakini uzi mmoja peke yake husahau njia baada ya nanomita moja au zaidi kidogo. Tofauti hiyo kati ya ugumu wa nyuzi mbili na ulegevu wa uzi mmoja ndiyo msingi wa mashine tutakayoieleza.

Sasa nuru. Jaza maji katika bilauri na uitazame dirishani. Nuru inapita. Tia chai kidogo. Nuru inapungua. Ongeza chai, nuru inazidi kupungua. Chai inameza nuru, na kwa kupima nuru iliyobaki unaweza kujua chai ni nyingi au kidogo bila kuionja. Kila kitu humeza rangi zake na kuziachia nyingine. Majani ya muhogo humeza nyekundu na buluu, na kijani kinachobaki ndicho kinachofika machoni mwako.

Katika upinde wa mvua umeona rangi zikipangika kuanzia nyekundu hadi zambarau. Baada ya zambarau iko nuru nyingine ambayo jicho la mtu haliioni, nayo huitwa nuru ya urujuanimno. Ndiyo inayochoma ngozi ya watu weupe wakikaa juani. DNA na RNA hazimezi rangi yoyote ya upinde wa mvua, ndiyo maana maji yaliyotiwa DNA huonekana meupe kama maji ya kisima. Lakini humeza sana ile nuru iliyofichika, hasa ile ambayo wimbi lake lina urefu wa nanomita 260. Mashine inayopeleka nuru hiyo katika kichupa na kupima iliyobaki huitwa spektrofotometa.

Kuna ajabu moja ambayo mabingwa walikutana nayo. Herufi za DNA zikiwa zimelaliana katika ngazi, moja juu ya nyingine, humeza nuru kidogo. Ngazi ikifunguka na herufi zikawa huru, nuru inayomezwa huongezeka, pengine kufikia asilimia 40. Usidhani ni kwa sababu moja inaitilia nyingine kivuli. Ni kwa sababu zikilaliana huathiriana, na kila moja haina uhuru wa kumeza kama ingekuwa peke yake.

Kwa hiyo ukipasha moto maji yenye DNA polepole huku ukipima nuru, utaona kitu kama hiki: joto linapanda, nuru haibadiliki, linapanda tena, bado, kisha ghafula, ndani ya nyuzijoto chache tu, umezaji wa nuru unapanda kwa nguvu, halafu unatulia. Pale katikati ya mpando nyuzi mbili zimeachana. Wataalamu husema DNA imeyeyuka, ingawa haikuwa barafu. Karibu na mwaka 1960, Paul Doty na Julius Marmur wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichunguza sana jambo hili. Waliona kwamba DNA yenye G na C nyingi huhitaji joto kubwa zaidi, kwani G na C hushikana kwa mikono mitatu, na A na T kwa mikono miwili. Tena waliona kwamba ukiipoza polepole, nyuzi zilizoachana hutafutana katika maji na kurudiana, kila moja kwa mwenziwe wa haki. Ukifikiri jinsi zilivyo nyingi mle katika kichupa, hilo ni jambo la kustaajabisha. Ni kama watu wa mnada mzima wafumbe macho, na kila mume amshike mkono mkewe mwenyewe.

Kumbuka mambo mawili hapo. Ikiwa herufi zote zinalingana, nyuzi hushikana kwa nguvu na huachana kwa joto kubwa. Ikiwa herufi moja hailingani, nyuzi huachana mapema, kwa joto dogo zaidi.

Upo na ufundi mwingine wa nuru unaopima umbali. Kuna rangi ambazo ukizimulika kwa nuru moja hurudisha nuru ya rangi nyingine, zikang'aa. Rangi mbili za namna hiyo zikikaribiana sana, ya kwanza haing'ai. Humpa jirani yake nguvu aliyoipokea. Zikitengana zaidi ya nanomita 10, hazipeani kitu. Theodor Förster wa Ujerumani alieleza hesabu yake mwaka 1948, na mwaka 1967 Lubert Stryer na Richard Haugland wa Marekani walionyesha kwamba jambo hilo laweza kutumika kama rula. Ukibandika rangi moja hapa na nyingine pale juu ya uzi, mng'ao utakuambia kama ncha zimekaribiana au zimeachana. Ndiyo rula iliyotumiwa kupima jinsi DNA inavyopinda na RNA inavyojikunja. Wengine hubandika vitu mfano wa sumaku ndogo badala ya rangi, na kupima umbali kwa mawimbi ya jamii moja na haya yanayokuletea sauti yangu. Hayo tuyaache, somo litakuwa refu.

Sasa tazama jinsi mambo haya yalivyounganishwa. Mwaka 1996 Sanjay Tyagi na Fred Kramer, waliokuwa wakifanya kazi New York, walitangaza uzi mfupi wa DNA waliouunda kwa makusudi. Nitauita uzi wenye taa. Una uzi mmoja tu. Katikati umeandikwa herufi zinazolingana na kile unachotafuta. Kwenye ncha zake mbili kuna herufi chache, tano hadi saba, zinazolingana zenyewe kwa zenyewe. Ncha moja ina rangi ya kung'aa, hiyo ndiyo taa. Ncha ya pili ina rangi ya kuzima.

Uzi huu ukiwa peke yake hujikunja. Ncha zake hushikana, na taa hukaa ubavuni mwa kizimio, kwa hiyo ni giza. Lakini ukikutana na kile unachokitafuta, sehemu ya katikati hukishika. Kumbuka kamba yetu: uzi mmoja ni laini, nyuzi mbili ni ngumu. Pale katikati sasa pana nyuzi mbili, pamekuwa pagumu, pamenyooka, na kwa kunyooka huko panazivuta ncha na kuziachanisha. Taa inakuwa mbali na kizimio. Inawaka.

Uzuri wa ufundi huu uko katika mapigano ya nguvu mbili. Ncha zinataka kushikana, katikati inataka kunyooka. Herufi zote za katikati zikipata wenzi wao, katikati inashinda. Herufi moja tu ikikosa mwenziwe, nguvu ya katikati inapungua, ncha zinashinda, na uzi unabaki umejikunja gizani. Mtengenezaji lazima apime vizuri. Akizifanya ncha ngumu mno, uzi hautafunguka kamwe. Akizifanya legevu mno, utafunguka kwa kila mpita njia, hata asiye wake. Ndiyo sababu ugumu na ulegevu wa DNA ulibidi upimwe kwanza miaka mingi katika maabara, kwa nuru na kwa joto, kabla haujapata kuwa kipimo cha hospitali.

Mashine ya kifua kikuu inayotumia nyuzi hizi huitwa GeneXpert, na Shirika la Afya Duniani liliikubali Desemba 2010. Hivi ndivyo ifanyavyo kazi. Mtaalamu huchanganya makohozi na dawa ya maji inayopunguza vijidudu makali, husubiri robo saa, kisha huyamimina katika kisanduku cha plastiki kinachotosha kiganjani. Kisanduku huingizwa mashineni na mlango hufungwa. Baada ya hapo mashine hufanya yote. Huvunja vijidudu kwa mtikisiko wa sauti isiyosikika na sikio, DNA ikatoka. Hupasha moto nyuzi zikaachana, hupoza zikaandikiwa wenzi wapya, hupasha tena. Kila mzunguko kipande huzidi mara mbili. Piga hesabu: moja, mbili, nne, nane. Ukifika mzunguko wa 30, kama hakuna kilichopotea, kipande kimoja kimekuwa zaidi ya milioni 1,000.

Unakumbuka zile herufi 81? Katika aina ya kwanza ya kisanduku zimegawiwa nyuzi tano zenye taa, kila moja na rangi yake. Wa sita ni wa kuhakikisha mashine yenyewe haikukosea. Taa tano zikiwaka zote, ni kifua kikuu, nacho ni kitiifu kwa rifampisini. Nyingine zikiwaka na moja ikabaki giza, ni kifua kikuu, lakini katika kipande cha uzi ule uliobaki gizani kuna herufi iliyobadilika. Kijidudu ni sugu. Na zikikosa kuwaka zote tano, ilhali wa sita amewaka, kifua kikuu hakikuonekana. Yote haya ndani ya saa mbili, si majuma.

Aina mpya iitwayo Ultra, iliyokubaliwa mwaka 2017, hutazama zaidi ule uyeyukaji wa kina Doty na Marmur. Mwishoni hupandisha joto polepole na kupima kila uzi umeachia kwa nyuzijoto ngapi. Ukiachia mapema, herufi zina kasoro. Tena Ultra huona vijidudu 16 hivi katika mililita, na ile ya kwanza ilihitaji zaidi ya 100. Linganisha na vile 5,000 vya darubini.

Hapa kwetu Tanzania mashine hizi zimewekwa katika hospitali nyingi. Mbeya ilikuwa miongoni mwa mahali palipofanyiwa utafiti, pamoja na miji ya Afrika Kusini, Zambia na Zimbabwe, kuona kama muuguzi wa zahanati anaweza kuitumia mwenyewe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014. Waliona muuguzi aliyefundishwa siku moja anaweza, na wagonjwa wengi zaidi walianza dawa siku ile ile. Lakini haikuonekana kwamba wagonjwa kwa jumla walipata nafuu zaidi kuliko wale wa darubini, kwa kuwa waganga wengi walikuwa tayari wakiwapa dawa watu waliowashuku hata bila kipimo. Nalisema hili kwa sababu mashine haimtibu mtu. Faida yake iko kwa yule ambaye asingeshukiwa, na kwa yule mwenye kijidudu sugu. Wenye ugonjwa sugu walianza kutibiwa nchini mwaka 2009 katika Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ambayo imekuwa ikihudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu 1926.

Pengine umesikia pia juu ya panya wa Morogoro waliofundishwa kunusa makohozi. Ni habari ya kweli. Lakini panya hawezi kusoma herufi, na kila anachokishuku hupimwa tena maabara.

Mashine ina mipaka yake, nawe uijue. Inahitaji umeme, na haipendi joto kali wala vumbi. Nyuzi zake tano husoma habari za rifampisini tu; dawa nyingine zina vipimo vyake. Tena DNA haifi kwa siku moja na mwenye nayo. Mtu anayekunywa dawa vizuri anaweza kuwa na mabaki ya vijidudu vilivyokwisha kufa, na uzi wenye taa utavishika na kuwaka vile vile. Kwa hiyo mgonjwa aliye katika matibabu hufuatiliwa kwa darubini, ile ile ya zamani. Usimlaumu mpimaji akikwambia kwamba mashine mpya siyo ya kipimo hicho.

Ukikohoa kwa majuma mawili au zaidi, ukitokwa na jasho usiku, ukikonda bila sababu, nenda ukapimwe. Kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Wakikupa kikopo, toka nje penye upepo, vuta pumzi sana mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka ndani ya kifua. Mate ya mdomoni hayafai. Nyuzi zenye taa haziwezi kushika kisichokuwamo. Mtoto mdogo asiyeweza kutoa makohozi anaweza kupimwa kwa choo chake, kwani vijidudu alivyovimeza hupita tumboni. Na ukipewa dawa, matibabu ya kawaida ni miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Mtu anayeacha katikati kwa kuwa amepata nafuu huviacha hai vijidudu vigumu kufa, na miongoni mwao ndimo herufi zilizobadilika hupata nafasi ya kuzaliana.

Sasa funga redio ujadiliane na wenzako. Kwa nini nyuzi mbili zilizosokotwa ni ngumu kuliko mmoja, na uzi wenye taa unatumiaje jambo hilo? Mpimaji akipata taa nne zimewaka na moja giza, atamwambia mgonjwa nini? Mzee anayeendelea na dawa mwezi wa nne akitaka apimwe kwa mashine mpya ili ajue kama amepona, utamweleza nini? Yule anayeweza kuandika aandike jibu la swali la tatu kwa mistari mitano, alilete kwa mwalimu wakati wa somo lijalo.